Charlie Chaplin: Mwana wa msanii aliyezomewa

Kwa muda usiotimia nusu saa, hakuna jambo hata moja jukwaani linalokwenda sawa. Mchezesha nyoka anaponyokwa na nyoka wake, nao wanateremka hadi walipoketi wapiga ala. Waimbaji wawili wanaimba kwa madaha nyimbo ambazo hakuna aliyelipa kiingilio ili azisikie, na ukumbi unawajibu kwa kuwarushia chochote kilicho karibu na mkono. Anapopanda mla moto, mlevi mmoja aliyekaa roshani ya juu, penye viti vya bei nafuu, ananyakua mpira wa kuzimia moto na kuwalowesha msanii, wanamuziki na watazamaji kwa pamoja.

Filamu hiyo fupi, A Night in the Show, ilitolewa nchini Marekani tarehe 20 Novemba 1915. Yule mlevi wa roshani, pamoja na bwana mwingine aliyevaa nadhifu na anayewasumbua wasanii kutoka viti vya mbele, ni mtu mmoja aliyeigiza nafasi zote mbili. Aliitwa Charles Spencer Chaplin, kijana wa miaka 26, ambaye ndiye aliyekuwa pia mwongozaji wa filamu.

Watazamaji waliwacheka wasanii wabovu, na ndivyo ilivyokusudiwa. Wengi wao hawakujua kwamba aliyekuwa akiwachekesha alikulia miongoni mwa wasanii wa namna hiyo, wale wanaohama mji kwa mji wakiwa na sanduku la nguo na hofu ya kuzomewa. Msanii wa kwanza aliyemwona akishindwa mbele ya watu alikuwa mama yake mzazi.

Sauti iliyokatika

Chaplin alizaliwa London tarehe 16 Aprili 1889. Baba yake, aliyeitwa pia Charles, alikuwa mwimbaji wa kumbi za starehe ambako wafanyakazi wa Uingereza walikwenda jioni kutazama nyimbo, mazingaombwe na vichekesho. Mama yake, Hannah, aliimba katika kumbi hizo hizo kwa jina la jukwaani la Lily Harley. Ndoa yao haikudumu. Baba alizama katika ulevi, na mama akabaki na watoto wawili wa kiume, Charlie na kaka yake wa mama mmoja, Sydney, aliyemzidi miaka minne.

Katika kitabu cha maisha yake alichokichapisha mwaka 1964, Chaplin anasimulia usiku mmoja katika mji wa Aldershot, uliojaa kambi za jeshi. Yeye alikuwa na umri wa miaka 5. Mama yake alikuwa akiimba mbele ya askari wakati sauti yake ilipokatika na kubaki mnong'ono. Askari wakaanza kucheka, kuzomea na kuigiza milio ya paka. Hannah akaondoka jukwaani, na meneja wa ukumbi, kwa kutojua la kufanya, akamshika mtoto mkono na kumsimamisha badala ya mama.

Mtoto akaimba. Watu wakafurahi na kumrushia sarafu. Hapo akasimamisha wimbo na kutangaza kwamba ataokota pesa kwanza, kisha ataendelea. Meneja alipotoka na leso kumsaidia kuokota, mtoto akamfuata nyuma kwa wasiwasi, akihofia kwamba bwana yule atazichukua, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Baadaye, akiwaigiza waimbaji aliowajua, aliigiza pia sauti ya mama yake, pamoja na pale inapokatika. Watu wakacheka zaidi.

Huenda kumbukumbu ya mzee wa miaka 75 iliinyoosha kidogo hadithi hiyo. Hata hivyo, ni vigumu kupata tukio jingine linaloeleza vizuri zaidi kazi aliyokuja kuifanya kwa nusu karne, kwa kuwa kilichomwangusha mama ndicho kilichompa mtoto mkate. Kwa mujibu wa Chaplin, usiku ule ulikuwa wa kwanza kwake jukwaani na wa mwisho kwa Hannah.

Kilichofuata kilikuwa dhiki. Mwaka 1896 mama na watoto waliingia katika nyumba ya maskini ya Lambeth, mahali ambapo serikali iliwapa mafukara chakula na malazi kwa sharti la kufanya kazi na kutenganishwa na jamaa zao. Watoto walipelekwa shule ya mayatima na mafukara huko Hanwell, ambako Charlie alinyolewa kichwa kwa sababu ya punye na kukaa peke yake na wagonjwa wenzake. Mwaka 1898 akili ya Hannah ilivurugika na akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Baba alifariki mwaka 1901, mwili ukiwa umeharibiwa na pombe.

Mwaka 1903 ugonjwa wa Hannah ulirudi. Charlie, wakati huo akiwa na miaka 14, alifika nyumbani na kuambiwa na watoto wa jirani kwamba mama yake amerukwa na akili: alikuwa akibisha hodi mlango kwa mlango na kugawa vipande vya makaa ya mawe, akisema ni zawadi za watoto. Kijana huyo ndiye aliyemshika mkono na kutembea naye hadi hospitali. Kisha akarudi chumbani peke yake, akimsubiri Sydney aliyekuwa baharini. Kwa siku kadhaa alimkwepa mwenye nyumba na kula alichokipata.

Kundi la Karno

Ustadi ulikuwa umeanza mapema. Kabla ya kutimiza miaka 10, Chaplin alijiunga na kundi la watoto waliocheza kwa viatu vya mbao, Eight Lancashire Lads, akazunguka nalo katika kumbi za Uingereza. Baadaye aliigiza mtumishi mdogo katika mchezo wa kuigiza wa Sherlock Holmes, miaka mingine ya treni za usiku na vyumba vya kupanga. Lakini chuo chake hasa kilikuwa kundi la Fred Karno, aliloingia mwaka 1908 kwa kuombewa nafasi na Sydney.

Karno, fundi bomba wa zamani aliyegeuka mwanasarakasi na kisha tajiri wa vichekesho, alimiliki makundi kadhaa yaliyosafiri kwa wakati mmoja. Mchezo wake uliojulikana zaidi, Mumming Birds, ulianza mwaka 1904. Juu ya jukwaa lilijengwa jukwaa jingine dogo lenye roshani zake na watazamaji wake wa kuigiza. Juu yake walipita wasanii mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mbovu kuliko aliyemtangulia: waimbaji, mfanya mazingaombwe, hadi mpiganaji mieleka aliyetisha kwa jina tu. Pembeni aliketi bwana tajiri mlevi ambaye hakuweza kuvumilia. Alianguka kutoka kwenye roshani, akapanda jukwaani, akaharibu kila kitu. Mlevi huyo alikuwa Chaplin.

Hapa kuna jambo ambalo mtazamaji hulisahau kwa urahisi. Kuanguka kama mlevi bila kuvunjika shingo, usiku baada ya usiku, kunahitaji mwili wenye akili timamu kabisa. Kuigiza msanii asiyejua kazi kunahitaji msanii anayeijua hadi ukucha. Karno aliwafanyisha watu wake mazoezi hadi kila kofi, kila teke na kila kimya vikaangukia sekunde yake. Aliwafundisha pia kuchanganya huzuni kidogo ndani ya kicheko, na somo hilo Chaplin hakulisahau. Mchezo wenyewe ulitegemea vitendo zaidi ya maneno, na kwa hiyo ungeweza kupelekwa popote.

Mwezi Septemba mwaka 1910 kundi hilo lilipanda meli iitwayo Cairnrona kuelekea Amerika Kaskazini. Miongoni mwa abiria alikuwemo kijana aliyejifunza nafasi ya Chaplin ili aishike endapo ataugua. Baadaye dunia ingemjua kama Stan Laurel, yule mwembamba wa wawili Laurel na Hardy. Walizunguka Marekani kwa miezi 21 wakilala vyumba vya bei ya chini. Laurel alisimulia baadaye kwamba katika nyumba zilizokataza kupika, yeye alikaanga nyama juu ya moto wa gesi huku Chaplin akipiga fidla kwa nguvu ili mwenye nyumba asisikie mafuta yakilia.

Katika safari ya pili, mwaka 1913, kampuni ya filamu ya Keystone ilimpa Chaplin mkataba wa dola 150 kwa wiki, mara mbili ya alizokuwa akilipwa. Mwezi Februari mwaka 1914 alionekana kwa mara ya kwanza kwenye skrini akiwa Mzururaji: suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa kupita miguu, kofia ndogo ya mviringo, masharubu mafupi na bakora. Mavazi ya mtu aliyeokota kila kipande mahali pake, lakini anayetembea kama bwana. Mwaka 1916 mkataba mwingine ulimpa dola 670,000 kwa mwaka mmoja. Miaka 20 tu ilikuwa imepita tangu alipoingia nyumba ya maskini ya Lambeth.

Kicheko kisichohitaji mkalimani

Utajiri huo ulitokana na ukweli mmoja mwepesi: filamu za wakati ule hazikuwa na sauti. Mtu anayekanyaga ganda la ndizi hahitaji kutafsiriwa. Filamu ya Chaplin iliweza kuonyeshwa Tokyo, Cairo au Buenos Aires kwa kubadilisha vibao vichache vya maandishi.

Katika bonde la mto Nyamwamba hoja hii haihitaji maelezo marefu. Mgodi wa shaba wa Kilembe ulipoanza uzalishaji mwaka 1956, mwaka ule ule reli ilipofika Kasese, makazi ya wachimbaji chini ya Rwenzori yaliwakusanya Wakonzo, Watooro, Wakiga, Wanyankole na wengine kutoka mbali zaidi. Bwera nako watu walizoea kuvuka mpaka wa Congo kwenda na kurudi sokoni. Kiswahili kilipata nafasi yake hapo kwa sababu palihitajika lugha isiyokuwa ya mtu mmoja. Kwa mahitaji ya namna hiyo, filamu bubu ilikuwa tayari na jibu miaka 40 kabla.

Na Chaplin alifika Afrika Mashariki, ingawa kwa mkanda. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali za kikoloni za Uingereza zilituma magari ya sinema vijijini na kwenye kambi za wafanyakazi katika Afrika ya Mashariki na Kati. Shuka jeupe lilitandazwa, jenereta ikawashwa, na watu wakaonyeshwa filamu za usafi, kilimo bora na kuweka akiba. Ili umati usitawanyike, katikati ziliwekwa filamu fupi za Chaplin. Si vigumu kukisia ni kipi kati ya hivyo viwili kilichosimuliwa kesho yake.

Katika Kiswahili cha Tanzania neno chale lilikuja kutumika kwa maana ya mchekeshaji, na kwa kawaida huhusishwa na jina lake. Mwaka 1952 huko Tanganyika ilitengenezwa filamu ya Kiswahili, Muhogo Mchungu, kuhusu mtu wa shamba anayekumbana na masaibu ya jiji la Dar es Salaam. Ni udhaifu ule ule wa mgeni katika dunia yenye kasi kuliko yeye. Mwigizaji wake mkuu, Rashidi Kawawa, alikuwa waziri mkuu wa nchi hiyo miaka 10 baadaye. Si kila nchi inayoweza kutaja kiongozi wa serikali aliyeanza hivyo.

Sauti ilipoingia katika filamu mwaka 1927, Chaplin alikataa kufuata. Alijua kwamba siku Mzururaji atakapofungua kinywa na kusema Kiingereza, mamilioni ya watu watampoteza. City Lights ya mwaka 1931 ilitoka ikiwa na muziki bila mazungumzo. Katika Modern Times ya mwaka 1936, sauti yake ilisikika hatimaye, lakini kwa namna ya pekee. Mzururaji amepata kazi ya mhudumu wa hoteli anayetakiwa pia kuimba. Kwa kuwa hana kumbukumbu, ameandikiwa maneno ya wimbo kwenye pingu za mikono ya shati. Anaingia kwa mbwembwe, anarusha mikono, na pingu zinaruka na kupotea. Mbele ya umati unaosubiri, bila neno hata moja kichwani, anaimba maneno yasiyo ya lugha yoyote, yanayofanana kidogo na Kitaliano na kidogo na Kifaransa. Vitendo vyake vinaeleza kila kitu, na ukumbi unashangilia. Hapo Mzururaji akaaga skrini.

Kati ya filamu zake zote kuhusu wasanii wanaoshindwa, ile iliyomgharimu zaidi ni The Circus ya mwaka 1928. Mzururaji anaingia kwa bahati mbaya katika kundi la sarakasi linalosafiri na ambalo wachekeshaji wake hawachekeshi mtu. Anapokimbizwa na polisi katikati ya onyesho, watu wanacheka hadi machozi. Mwenye sarakasi anamwajiri, lakini akiambiwa achekeshe hawezi. Anachekesha pale tu asipojua kwamba anachekesha. Wakati wa utengenezaji, mwaka 1926, moto uliteketeza sehemu ya studio. Mke wake wa pili, Lita Grey, akafungua kesi ya talaka iliyojaza magazeti, na kazi ikasimama kwa miezi. Filamu ilimpatia tuzo maalumu katika hafla ya kwanza ya Oscar mwaka 1929, lakini katika kitabu cha maisha yake aliinyamazia.

Talaka hiyo haiwezi kupitwa kimya. Lita Grey alikuwa na miaka 16 alipoolewa na Chaplin, aliyekuwa na miaka 35. Mke wa kwanza, Mildred Harris, naye aliolewa akiwa na umri wa miaka 16. Mtu aliyejua vizuri kuliko wengi udhaifu wa mtoto asiye na ulinzi hakuwa na macho hayo kila mahali.

Mama yake alikuwa bado hai. Mwaka 1921 wanawe walimhamishia California, wakamweka katika nyumba karibu na bahari akiwa na wauguzi. Hannah alifariki mwezi Agosti mwaka 1928, miezi michache baada ya The Circus kuanza kuonyeshwa.

Mzee asiye na ukumbi

Mwaka 1940 Chaplin alizungumza kwa mara ya kwanza katika filamu nzima, The Great Dictator, akimdhihaki Adolf Hitler, aliyezaliwa siku nne tu baada yake. Baada ya vita, Marekani ilianza kumtazama kwa jicho jingine. Hakuwahi kuchukua uraia, alitetea watu wa mrengo wa kushoto hadharani, na maofisa wakamshuku kuwa mkomunisti. Mwezi Septemba mwaka 1952, akiwa melini kuelekea London na mke wake Oona na watoto, alipata habari kwamba kibali chake cha kurejea kimefutwa.

Filamu aliyokuwa akienda kuizindua ilikuwa Limelight. Inamhusu mchekeshaji mzee wa kumbi za London, aliyeangushwa na pombe na kusahauliwa na watazamaji. Si vigumu kumwona baba yake humo, wala mama yake. Karibu na mwisho, mzee huyo anapanda jukwaani na mwenzake, anayeigizwa na Buster Keaton, gwiji mwingine wa filamu bubu. Mmoja anashika fidla, mwingine anaketi kwenye piano. Karatasi za muziki zinaporomoka, mguu wa mpiga fidla unajivuta juu na kupotea ndani ya suruali, nyuzi za piano zinakatika. Wazee wawili wasioweza hata kuanza wimbo wanauinua ukumbi. Kisha mchekeshaji anaanguka ndani ya ngoma na kubebwa humo humo, watu wakidhani ni sehemu ya onyesho. Anafariki nyuma ya pazia. Kumbi nyingi za Marekani zilikataa kuionyesha.

Chaplin alihamia Uswisi, katika kijiji cha Corsier-sur-Vevey, na kulea huko familia ya watoto wanane aliozaa na Oona. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliirudia The Circus ili itolewe upya, akaitungia muziki. Wimbo wa mwanzo, kwa sauti nyembamba ya mzee anayekaribia miaka 80, aliuimba yeye mwenyewe.

Mwaka 1972 Marekani ilimwalika kupokea Oscar ya heshima, na ukumbi ukasimama ukimpigia makofi kwa dakika nyingi huku yeye akitafuta maneno bila kuyapata. Mwaka 1975 Malkia Elizabeth wa Pili alimpa cheo cha Sir. Alifariki usingizini asubuhi ya Krismasi, tarehe 25 Disemba 1977, akiwa na umri wa miaka 88.

Alizikwa kijijini hapo, lakini hakulala muda mrefu. Usiku mmoja mwanzoni mwa Machi mwaka 1978, wanaume wawili walifukua jeneza lake, wakaenda kulizika upya katika shamba la mahindi na kuipigia simu familia wakidai pesa. Oona alikataa kulipa. Polisi wakatega vibanda vya simu vipatavyo 200 katika eneo hilo hadi walipowanasa, na tarehe 17 Mei jeneza likapatikana. Likarudishwa makaburini, na safari hii likafunikwa kwa zege.